Maua ya Oktoba: Mti Unapotumia Akiba ya Mwakani

Somo la kujifunza kwa kamati za maendeleo za sharika na marafiki wa shirika
Masomo: Yeremia 1:11-12 na Luka 13:6-9



Sharika zetu nyingi zina sharika rafiki huko Ujerumani, na huenda baadhi yenu mmewahi kupokea kutoka kwao picha ya mtufaha uliochanua maua meupe mwezi wa Oktoba, huku majani machache ya mwisho yakining'inia yakiwa yamekauka na pengine tufaha moja au mawili bado yako tawini. Picha ya namna hiyo ikipita mkononi mwa watu katika kikao, tafsiri huja haraka. Mmoja ataona baraka, kwamba mti utazaa mara mbili kwa mwaka. Mwingine ataona dalili ya nyakati za mwisho. Wa tatu, hasa akiwa ametoka kwenye semina, atasema haya ndiyo mabadiliko ya tabianchi. Mara chache anatokea mtu wa kuuliza swali la mkulima: majani ya mti huu yalipatwa na nini?

Katika somo letu la kwanza, nabii Yeremia anaulizwa kwanza anaona nini. Anajibu kwamba anaona tawi la mlozi, na ni baada ya jibu hilo tu ndipo anapoelezwa maana yake. Katika Kiebrania jina la mlozi linakaribiana kwa sauti na neno la kukesha au kuangalia, na mlozi katika nchi ile ni miongoni mwa miti inayotangulia kuchanua majira ya baridi yanapoelekea kwisha. Yeremia asingekuwa anaujua mti, tawi lile lisingemwambia kitu. Basi sisi nasi tuuangalie mtufaha kwanza.

Neno "vuli" na majira yenyewe

Kamusi nyingi hutafsiri majira hayo ya Ulaya kwa neno "vuli", na hapo ndipo mkanganyiko huanzia. Kwetu vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Ni wakati wa jembe na mbegu, na kuona maua si ajabu, maana hata mijakaranda ya mjini inachanua wakati huo. Huko kaskazini mambo ni kinyume. Septemba hadi Novemba ni majira ya kupukutika majani: mavuno yanakwisha, siku zinafupika, mti unavua majani na kujiandaa kwa miezi ya baridi na theluji. Mtufaha wa kule unatakiwa uchanue Aprili au Mei, baada ya baridi kupita, ili matunda yapate kiangazi kizima cha kukua. Ua la Oktoba halina kiangazi mbele yake. Lina baridi tu.

Tumba lilikuwepo tangu zamani

Jambo ambalo wengi hawalijui, hata baadhi ya wenye miti, ni kwamba ua la mtufaha haliundwi mwezi linapochanua. Wiki chache tu baada ya maua ya mwaka huu kudondoka, wakati matunda bado ni madogo kama kunde, mti tayari unaanza kutengeneza matumba ya mwaka ujao. Kazi hiyo inaendelea kiangazi chote. Ifikapo Septemba, ndani ya kila tumba la maua, lililofunikwa kwa magamba madogo magumu, mna maua kama matano au sita katika umbo dogo sana, yakingoja. Ukilipasua tumba kwa wembe na kuliangalia kwa kioo cha kukuzia, utayaona.

Kwa hiyo mti uliochanua Oktoba haukutengeneza maua ya ziada. Umefungua yale ya Aprili. Wana VICOBA watanielewa nikisema kwamba hii si faida iliyoingia, ni akiba iliyovunjwa. Na kila tumba hufunguka mara moja tu.

Usingizi wa namna tatu

Kwa nini basi matumba hayafunguki yote Agosti, wakati kuna joto na jua? Wataalamu wa miti hueleza kwamba tumba hupita katika usingizi wa namna tatu, na inafaa tukae hapa kidogo kwa sababu ndipo ulipo ufunguo wa jambo zima.

Usingizi wa kwanza ni wa kuzuiwa. Tumba lina uwezo wa kufunguka, lakini majani yaliyo jirani nalo, pamoja na ncha ya tawi inayokua, hupeleka homoni zinazolizuia. Jani ni kama mlinzi wa ghala. Maadamu yupo na ni mzima, mlango haufunguki.

Usingizi wa pili ni mzito na unatoka ndani ya tumba lenyewe. Siku zinapofupika na baridi kuanza, tumba linajifunga kiasi kwamba hata ukilipa joto na maji halitaamka. Kinachouondoa usingizi huo ni baridi yenyewe, na lazima iwe ya muda wa kutosha. Aina nyingi za mtufaha wa Ulaya zinahitaji kama saa 800 hadi 1,200 za baridi iliyo chini ya nyuzi joto 7 za Selsiasi. Mti unahesabu majira ya baridi saa kwa saa, na hesabu isipotimia hauamki vizuri.

Usingizi wa tatu ni wa kungoja tu. Hesabu ya baridi imetimia, tumba liko tayari, lakini nje bado kuna baridi. Joto likija, linachanua.

Hatari iko kati ya usingizi wa kwanza na wa pili. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba tumba limekwisha kukamilika, ila usingizi mzito bado haujaingia. Kinacholizuia ni majani peke yake. Majani yakiondoka katika wiki hizo, kisha zikafuata siku za joto na mvua kidogo, tumba halina tena wa kulizuia nalo linachanua. Majani yakiondoka mwezi wa Novemba, kama ilivyo kawaida, hakuna kinachotokea, kwa maana usingizi wa pili umekwisha kushika.

Kinachoondoa majani

Mfano ulioonekana wazi kuliko mingi ulitokea Japani mwaka 2018. Kimbunga Jebi kiliipiga nchi hiyo tarehe 4 Septemba, na tarehe 30 ya mwezi huohuo kikafuata kimbunga Trami. Upepo ulipukutisha majani ya micheri, na mengine yaliunguzwa na chumvi ya bahari iliyobebwa na upepo. Baadaye hali ya hewa ikawa ya joto. Mwezi wa Oktoba kampuni moja ya utabiri wa hali ya hewa ilipokea taarifa zaidi ya 300 kutoka kwa wananchi walioona micheri imechanua, miti ambayo nchi nzima huingoja kwa hamu mwezi wa Machi na Aprili. Wataalamu wa miti walieleza sababu kuwa ni hiyo: majani yaliondoka mapema, na kizuizi kikaondoka nayo.

Ulaya vimbunga vya namna hiyo ni nadra. Huko mara nyingi ni ukame wa kiangazi, kama ule wa mwaka 2003, 2018 na 2022, ambapo mti wenye kiu huangusha majani ili uokoe maji, kisha mvua za Septemba zinaukuta mtupu. Mara nyingine ni mvua ya mawe iliyochana majani, au viwavi, au ukungu unaoweka madoa meusi kwenye majani hadi yanadondoka kabla ya wakati. Hata mkulima mwenyewe anaweza kuwa sababu: akipogolea sana mwishoni mwa kiangazi, au akiweka mbolea nyingi ya naitrojeni wakati huo, anauchochea mti uamke wakati unapaswa kulala.

Kwa sababu hiyo, anayeonyesha tawi moja lenye ua la Oktoba na kulitangaza kuwa ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi amesema haraka mno. Huenda ni mvua ya mawe ya jioni moja. Ni kweli kwamba ukame mkali na siku za joto zinazoendelea hadi Oktoba huongeza nafasi ya jambo hili kutokea, lakini ushahidi wenye nguvu hupatikana kwa kuandika tarehe kwa miaka mingi. Mji wa Kyoto una kumbukumbu za kuchanua kwa micheri zinazorudi nyuma hadi mwaka 812, zilizokusanywa kutoka katika shajara za watu wa ikulu na watawa. Mwaka 2021 kilele cha maua kilifika tarehe 26 Machi, siku ambayo wakati huo ilikuwa ya mapema kuliko zote katika kumbukumbu hizo za zaidi ya miaka 1,200. Hao watawa hawakuwa na mradi wala bajeti ya ufuatiliaji. Waliandika tu.

Tuongeze tahadhari moja. Si kila ua la majira hayo ni dalili ya shida. Iko aina ya mcheri ambayo kwa asili yake huchanua Oktoba na tena baadaye, na mlokwati huchanua majani ya miti mingine yanapopukutika kisha ukaivisha matunda katika majira ya machipuo. Kwanza ujue ni mti gani.

Hasara ni kiasi gani

Mara nyingi hasara si kubwa. Kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya matumba inayofunguka, na mti wenye afya hautakufa kwa hilo. Vijitunda vinavyofungwa Oktoba hubaki vidogo na kuuawa na baridi. Mwakani matawi yale yale yatakuwa na mapengo. Shida inakuwa kubwa mti ukirudia mwaka baada ya mwaka, kwa maana kila mara unatumia akiba ya wanga iliyo katika mizizi na shina bila kupata mavuno ya kuirudisha. Pia liko baa la bakteria linaloshambulia mipeasi na mitufaha, ambalo huyaacha matawi yakiwa meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Bakteria hao hupenda kuingia kupitia ua lililofunguka, na ua la msimu usio wake ni mlango mwingine kwao.

Ua ni habari ya pili. Habari ya kwanza ilitokea wiki kadhaa nyuma, kwenye majani, na mwenye kuipuuza atashangilia au ataogopa pasipo sababu.

Mahali ambapo hasara hiyohiyo ni mavuno

Sasa tutoke Ulaya twende Batu, karibu na mji wa Malang katika kisiwa cha Java, Indonesia. Waholanzi walipeleka mitufaha huko wakati wa ukoloni. Nchi ile iko karibu na ikweta, haina majira ya baridi, na mtufaha ukiachwa hivihivi hausinzii vizuri wala hauamki vizuri. Wakulima wa huko walipata njia yao. Kama mwezi mmoja baada ya kuvuna, wanapita mti kwa mti wakivua majani yote kwa mkono. Matumba ambayo yalikuwa yamezuiwa na majani yanafunguka kabla usingizi mzito haujaanza, na baada ya miezi kama minne hadi mitano wanavuna. Kwa njia hiyo wamekuwa wakipata mavuno mawili kwa mwaka.

Angalieni kwamba ni tukio lile lile. Kilichofanywa na kimbunga Japani kinafanywa na vidole vya akina mama na baba huko Batu. Tofauti iko katika kinachofuata ua. Batu hakuna baridi ya kuua vijitunda, na mkulima amekwisha kujiandaa kwa maji, samadi na dawa ili mti urudishe nguvu uliyoitumia. Mti unaovuliwa majani mara mbili kwa mwaka pasipo kulishwa huchoka upesi. Hata Batu kwenyewe eneo la mitufaha limepungua katika miaka ya karibuni, kwa sababu ya udongo kuchoka, joto kuongezeka na gharama kupanda, na wakulima wengi wamehamia kwenye michungwa.

Yanayotuhusu nyumbani

Mitufaha, mipeasi na miplamu iko Lushoto tangu enzi za Wajerumani, na mitufaha imeenea Njombe na Makete, ambako Juni na Julai sakitu huonekana asubuhi. Lakini hata baridi ya Njombe haifikii saa 1,000 ambazo aina nyingi za Ulaya zinadai. Ndiyo maana tunaona miti ya epo ambayo tawi moja lina maua, lingine lina matunda mabichi na la tatu limekaa bila kitu. Wengine hudhani ni baraka ya mti unaozaa mwaka mzima. Ukweli ni kwamba mti huo haukulala vya kutosha.

Njia ya kwanza ni kupanda aina zinazohitaji baridi kidogo. Aina ya Anna, iliyozalishwa Israel, inatosheka na saa 200 hadi 300 hivi, na imeenea Afrika Mashariki kwa sababu hiyo. Kamati zikumbuke kwamba Anna huzaa vema ikiwa na aina nyingine karibu nayo ya kuipa chavua, kama vile Dorsett Golden. Usharika ukinunua miche 100 ya Anna peke yake, umenunua maua mengi na matunda machache. Njia ya pili ni kuvua majani kama wanavyofanya Batu, lakini kwa mti mzima uliokwisha kuvunwa, wenye afya, na penye maji ya uhakika. Kwa mti mchanga wa mwaka mmoja au miwili, ushauri ni kinyume kabisa: ukitoa maua uyaondoe, ili nguvu iende kwenye mizizi na matawi.

Wale wa Kilimanjaro wanalijua jambo hili kupitia kahawa. Tumba la mkahawa hulala wakati wa kiangazi likiwa limekamilika, na mvua ya kwanza ya kutosha huliamsha, maua yakatoka siku kama kumi baadaye. Mvua zikija vipande vipande, maua nayo huja vipande vipande. Miezi minane baadaye mama anapita kwenye mti uleule mara sita badala ya tatu, akichuma nyekundu na kuacha kijani, kwa malipo yaleyale ya kilo. Gharama ya ua lililotoka nje ya wakati mara nyingi hulipwa na mikono ya mtu ambaye hayumo kwenye taarifa.

Picha ya ua na taarifa ya mradi

Hapa ndipo somo linapowahusu kamati na wafadhili kwa pamoja. Miradi mingi ya miti hupewa miaka 3. Mche wa mtufaha uliobebeshwa huanza kuzaa kati ya mwaka wa pili na wa nne. Kwa hiyo mwaka wa mwisho wa mradi kila mtu anatafuta ua, na likionekana linapigwa picha, picha inapelekwa, na barua ya shukrani inarudi. Hakuna aliyedanganya. Lakini ikiwa ua hilo lilitoka kwa sababu ukungu ulimaliza majani mwezi wa pili, tumepeleka picha ya mti mgonjwa tukiuita mafanikio.

Katika Luka 13 mwenye shamba alikuja miaka mitatu akitafuta tunda kwenye mtini, akakosa, akataka ukatwe. Mtunza shamba aliomba mwaka mmoja zaidi, na alisema atafanya nini katika mwaka huo: atauchimbia pande zote na kuutia samadi. Aliomba muda pamoja na kazi inayotajika. Tungependa maombi ya kuongezewa muda yanayotufikia yafanane na hilo. Nao marafiki zetu wafadhili tunawaomba wawe tayari kupokea taarifa isiyo na ua hata moja, yenye hesabu ya majani mazima, matandazo yaliyowekwa na miche iliyokufa.

Mkiona ua nje ya msimu, andikeni tarehe, aina ya mti, na hali ya majani katika miezi miwili iliyopita. Okoteni majani yenye madoa yaliyodondoka na kuyafukia mbali, kwa kuwa ukungu hukaa humo ukingoja msimu mwingine. Mwagilieni kama kuna ukavu, wekeni matandazo yasiyogusa shina, na msipogolee wala kutia mbolea ya chumvichumvi kabla bwana shamba hajauona mti. Daftari la kawaida la shule linatosha kwa kumbukumbu, likikaa ofisi ya usharika na si nyumbani kwa katibu, maana makatibu hubadilika.

Kwa majadiliano ya kamati

Katika miti ya usharika wenu, ni ipi iliyochanua mwaka jana, na nani anakumbuka mwezi? Kama hakuna anayekumbuka, nani ataanza kuandika?

Taarifa yenu ya mwisho kwa wafadhili ilitaja nini kuhusu majani?

Mtunza shamba wa Luka 13 angekuwa mjumbe wa kamati yenu, mngempa mwaka mmoja? Mngempa na samadi?